Nani Aliyekunywa Maji ya Betri?

Sisi tuliozaliwa kando ya barabara ya Bujumbura na Rumonge twayajua malori kabla hatujajua kusoma. Kwetu ni Magara, pwani ya Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini ya Rumonge. Huko milima imeshuka mpaka karibu na maji, na barabara imepata njia nyembamba tu ya kupita. Kwa mtu aendaye Bujumbura, mlima uko kuume na ziwa liko kushoto, na ng'ambo yaonekana milima ya Kongo. Mawese ya Rumonge hupita hapo, na ndagala, na mikeke, na ndizi, na saruji, na mizigo itokayo Kigoma kwa njia ya Nyanza-Lac. Lori likilala, watu wengi hulala njaa pamoja nalo.

Katika makala hii nataka kuwaelezeni habari za chombo kimoja kidogo, kisichozidi kiganja cha mkono. Kikiharibika chaweza kumaliza fedha ya mwenye lori, na kama nilivyoona katika likizo kubwa iliyopita, chaweza pia kumwondolea mtu jina lake jema. Chombo hicho ni kidhibiti cha volti katika alteneta ya lori. Mafundi wa kwetu, kwa kufuata Kifaransa, hukiita regilatere. Mimi nitakiita kidhibiti tu.

Baba yangu amefariki, na ada yangu ya shule hulipwa na baba mkubwa. Yeye ana lori moja la tani 10, lililokuja Afrika baada ya kufanya kazi miaka mingi Ulaya, kama malori mengi ya kwetu. Huchukua mawese katika madumu kutoka Rumonge, na kurudi kutoka Bujumbura na saruji, chumvi na vitu vya madukani. Kwa lori hilo watoto wake wanne wanasoma, na mimi ni wa tano. Basi mtaona kwamba ugonjwa wa lori lile si jambo la kutazama kwa mbali.

Katika lori hilo kuna dereva, na kuna utingo. Utingo ni kijana wa rika langu aliyeacha shule katika darasa la sita. Kazi yake ni kupakia na kushusha mizigo, kuweka kigingi nyuma ya gurudumu lori lisimamapo mlimani, kuangalia mafuta ya injini, upepo wa magurudumu na maji ya rejeta. Kazi yake nyingine ni kuongeza maji ya betri. Kila Jumamosi baba mkubwa humpa fedha ya kununua lita moja ya maji hayo, yaani maji safi yasiyo na chumvi wala udongo, yauzwayo katika chupa.

Mwezi wa Februari betri za lori zilikufa. Lori kubwa hutumia umeme wa volti 24, na volti hizo hupatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12, moja nyuma ya nyingine. Kwa hiyo zikifa hununuliwa mbili kwa mara moja. Zikanunuliwa. Lakini mwezi wa Juni zile mpya nazo zikashindwa kuwasha injini. Vifuniko vilipofunguliwa, maji yalikuwa yamepungua mno, na mabamba ya risasi yalionekana makavu kama kingo za kisima wakati wa kiangazi.

Hapo baba mkubwa akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Akamgeukia utingo na kumwuliza fedha ya maji alikuwa akiipeleka wapi. Kijana akajibu, "Mzee, maji naweka. Yanaisha." Akaulizwa mara ya pili na ya tatu, naye hakuwa na jibu lingine ila lile lile. Jibu fupi namna hiyo halikumsaidia. Mshahara wake wa mwezi mmoja ukakatwa kusaidia kulipa betri, akaambiwa kwamba mwisho wa Agosti atafute kazi mahali pengine. Pale kijiweni, mahali malori yasimamapo, vijana wakampa jina la Kunywa-Betri. Mama yake huuza ndizi papo hapo, naye alilisikia jina hilo kila siku.

Nilipofika nyumbani mwezi wa Julai, nilikuta kila mtu ana maelezo yake. Wengine walisema betri za siku hizi ni mbovu. Wengine walisema lori limesimama mno. Maneno haya ya pili yalikuwa na sababu, kwa kuwa tangu ule uhaba wa mafuta uliotubana sana mwaka 2024, watu wa barabarani wamejua maana ya lori kukaa siku nyingi katika mstari likingoja mazutu, na betri ikikaa bila kazi hupungua nguvu. Lakini mtu akifikiri kidogo ataona kwamba kupungua nguvu ni jambo moja, na kukauka maji ni jambo lingine. Mafundi wawili wa njiani walikuwa wamekwisha kuitazama alteneta. Walipima injini ikiunguruma pole pole, wakaona volti 28, wakasema ni nzima.

Mwishowe dereva alishauri tulipeleke lori kwa fundi mmoja wa umeme huko Rumonge, mtu mzima ambaye karakana yake iko chini ya mwembe. Tulikwenda sote wanne, baba mkubwa, dereva, utingo na mimi. Baba mkubwa alianza kueleza habari za betri na fedha ya maji, na utingo akainamisha kichwa. Fundi akamkatiza kwa adabu akasema, "Mzee, hadithi tutazisikia baadaye. Nipe kwanza funguo za gari."

Kabla hajagusa kitu alimwuliza dereva maswali mawili. La kwanza, je, taa huungua mara kwa mara? Dereva akasema kwamba kwa miezi miwili amebadili globu nne, na usiku mmoja alirudi Magara kwa taa moja tu, huku barabarani wamejaa waendao kwa miguu na wenye baiskeli za ndizi. La pili, je, usiku taa huzidi kuwa kali ukikanyaga mafuta? Dereva akacheka akajibu, "Naam, hata nilifurahi. Nilidhani ni nguvu ya betri mpya." Fundi hakucheka. Akachukua kipima-umeme chake.

Hapa yafaa nieleze kidogo umeme wa lori watoka wapi. Katika mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikienda karibu na waya, umeme huzaliwa katika waya ule. Alteneta yafanya kazi kwa kanuni hiyo. Ndani yake imo sumaku ya umeme izungukayo, iitwayo rota, na pande zote imezingirwa na nyaya za shaba zisizozunguka. Mkanda wa injini huizungusha rota, na umeme huzaliwa katika nyaya zile. Umeme huo huenda na kurudi, wala betri haiwezi kuupokea hivyo, kwa hiyo hupitishwa kwanza katika daiodi, ambazo ni kama milango ifungukayo upande mmoja tu. Zamani magari yalitumia dainamo. Katika miaka ya 1960, daiodi za silikoni zilipopatikana kwa bei nafuu, alteneta ikachukua mahali pake.

Sasa ipo shida moja. Rota ikizunguka upesi, umeme huzidi. Nayo injini ya lori haina mwendo mmoja. Mara yapumua pole pole kizuizini, mara yalia kwa nguvu kupanda mlima wa Bururi. Kama hakuna wa kusema "basi," volti zingepanda pamoja na kelele za injini mpaka kila kitu kiungue. Kazi ya kusema "basi" ndiyo kazi ya kidhibiti. Chenyewe hupima volti wakati wote. Zikifika 28 hivi, hukata umeme uendao katika rota, na sumaku hulegea. Zikishuka, huurudisha, na sumaku hukaza. Hufanya hivyo mara nyingi katika nukta moja, upesi kuliko jicho la mtu. Umeme huo wa rota hupita katika vipande viwili vidogo vya kaboni, ambavyo hugusa pete mbili za shaba zinazozunguka. Katika alteneta nyingi vipande hivyo na kidhibiti ni kitu kimoja, kilichofungwa mgongoni kwa skrubu mbili.

Fundi alipima betri injini ikiwa imezimwa, akapata volti 25.3. Hiyo ni kawaida ya betri mbili zilizojaa. Akaiwasha injini ikazunguka mara 600 kwa dakika, akapata 28. Hapo ndipo wale mafundi wawili wa kwanza walipoishia. Lakini yeye akamwambia dereva akanyage mafuta mpaka mara 1,500. Namba zikapanda mbele ya macho yetu: 29, 30, 31.2. Baba mkubwa alisogea karibu akavaa miwani yake. Kisha fundi akazungusha waya wa betri kwa mita yake ya koleo, ile inayopima umeme bila kukata waya, akatuonyesha kwamba betri zilizokwisha kujaa zilikuwa zingali zikisukumiwa ampea 10. Akasema, "Betri iliyoshiba yatosha ampea moja au mbili. Hii inalishwa kwa nguvu."

Hata hivyo hakusema mara moja kwamba kidhibiti ni kibovu. Alitufundisha kwamba yako mambo mengine yawezayo kupandisha volti namna ile. Upo waya mwembamba unaokipasha kidhibiti habari za betri. Ukikatika au ukiingia kutu, kidhibiti hudhani betri ina njaa, kikazidi kuilisha. Pia waya wa rota ukigusa mahali pasipo pake, umeme hupita bila kumwuliza bawabu. Akaufuata waya ule mwembamba toka mwanzo mpaka mwisho, akasafisha ncha zake, akapima tena. Volti zilikuwa 31 kama kwanza. Ndipo akasema, "Regilatere imekufa. Tena imekufa mlango ukiwa wazi."

Mimi nilifurahi, nikadhani mambo yamekwisha. Lakini baba mkubwa ni mfanyabiashara, na swali lake lilikuwa la haki. Akasema, "Vema, regilatere ni mbovu, nitanunua nyingine. Lakini hiyo haijaniambia maji yangu yalikwenda wapi. Chombo kuwa kibovu hakumzuii mtu kula fedha." Fundi akasema kwamba betri ikilishwa mno huchemka, na maji hupotea. Baba mkubwa akauliza, "Hupotea kiasi gani?" Fundi akainua mabega. Yeye alijua kwamba maji hupotea, lakini kipimo chake hakuwa nacho.

Usiku ule nilichukua daftari langu la kemia. Betri moja ya volti 12 ina vyumba 6, na kwa hiyo betri mbili zina vyumba 12. Chumba kimoja kikipandishwa kupita volti 2.4 hivi, umeme uzidio huyapasua maji kuwa gesi mbili, hidrojeni na oksijeni. Volti 2.4 mara 12 ni 28.8. Mpaka hapo betri zinavumilia. Lakini tulipata 31.2, ambazo ukizigawa kwa 12 ni volti 2.6 katika kila chumba. Basi zilikuwa zikichemka kweli.

Faraday yule yule, katika miaka ya 1830, alitupa kanuni ya pili: kiasi cha kitu kipasuliwacho chalingana na kiasi cha umeme uliopita. Gramu 18 za maji zahitaji ampea-saa 53.6. Basi ampea-saa moja hupasua gramu 0.336 za maji katika kila chumba. Lori letu hutembea kama saa 8 kwa siku. Ampea 10 kwa saa 8 ni ampea-saa 80. Hizo mara 0.336 ni gramu 26.9. Vyumba ni 12, kwa hiyo jumla ni gramu 323 hivi, yaani karibu theluthi moja ya lita kwa siku moja. Kwa siku 6 za kazi ni lita 1.9.

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa taa. Utingo alikuwa akipewa fedha ya lita moja kwa juma, na lori lilikuwa likinywa karibu lita mbili. Hata angaliimimina chupa yake yote mpaka tone la mwisho, kila juma ingalipungua karibu lita nzima. Hakuna mwaminifu duniani ambaye angaliweza kuzijaza betri zile kwa fedha aliyopewa.

Asubuhi nilimwonyesha baba mkubwa ukurasa ule. Aliutazama kwa muda, akaniuliza habari ya kila mstari, kisha akasema, "Mwanangu, hesabu hii ni nzuri. Lakini mimi sikuona maji yakipasuka." Sikuona ubaya katika neno hilo, maana yeye ndiye atoaye fedha. Akaamua jaribio lake mwenyewe. Kidhibiti kipya kikiwekwa, betri zitajazwa maji mbele yake, na sanduku lake litafungwa kwa kufuli. Ufunguo atakaa nao yeye. Baada ya majuma matatu atalifungua.

Kidhibiti kilitafutwa Bujumbura. Cha kwanza kuletwa kilifanana na cha zamani kwa umbo na hata kwa matundu ya skrubu, lakini fundi alisoma maandishi yake akakirudisha, kwa sababu kilikuwa cha gari la volti 12. Kama kingewekwa, kingesema "basi" kwenye volti 14, na betri za lori zisingepata kitu. Cha pili kilikuwa cha volti 24, chenye alama ya 28. Hicho ndicho tulichokiweka, na nitaandika namna tulivyofanya ili mwenye kutaka ajue.

Kwanza fundi alizima kila kitu, akatoa waya wa hasi katika betri, na kuufunga kitambaa usiguse chuma. Mtu akifanya kazi katika alteneta bila kutoa waya huo, spana yaweza kuunganisha umeme wote wa betri na mwili wa gari, na cheche zake huyeyusha chuma. Tena alikataza kabisa mtu yeyote kuvuta sigara, kwa kuwa ile hidrojeni itokayo katika betri hushika moto kwa cheche ndogo. Nilipiga picha ya nyaya zote kwa simu, na utingo akazitia alama kwa vipande vya plasta. Kisha fundi akapuliza vumbi, maana katika kiangazi mgongo wa alteneta ulikuwa mwekundu kama njia ya kijijini.

Akafungua skrubu mbili, akakivuta kidhibiti kwa kukiinamisha kidogo ili vile vipande vya kaboni visivunjike. Akavipima kwa rula. Vilibaki milimita 7. Akatuambia kwamba vikifikia milimita 5 ni kuvibadili, hata kama kidhibiti ni kizima. Akatazama pete za shaba kwa tochi, akazisugua pole pole kwa msasa laini na kuzipangusa kwa kitambaa kikavu. Alizungusha rota kwa mkono kusikiliza beringi zake. Hapo ndipo alipomwita utingo, akampa kidhibiti kipya akamwambia, "Weka wewe."

Kijana alisitasita, akamtazama baba mkubwa, naye akanyamaza. Akavibonyeza vipande vya kaboni ndani kwa kidole, akakiingiza kidhibiti mahali pake, akakaza skrubu kwa zamu, hii kidogo na hii kidogo, asizilazimishe. Nyaya zikarudishwa kwa kufuata picha, na waya wa hasi ukawa wa mwisho kurudishwa. Injini ikawashwa. Pole pole, volti 28. Kwa mara 1,500, volti 28.2. Taa zote zikawashwa pamoja na feni, volti 28. Fundi aliacha injini ilie kwa robo saa, akapima tena kikiwa kimepata moto, na namba haikupanda. Kazi yote haikuzidi saa moja. Bei ya kidhibiti haikufika robo ya bei ya betri mbili.

Maji yakajazwa mbele ya baba mkubwa, kufuli likafungwa. Majuma matatu yale lori lilikwenda Bujumbura kama kawaida, na likapanda Bururi mara mbili. Hakuna globu iliyoungua. Siku ya kufungua tulikusanyika pale kijiweni, si kwa kuitwa, ila kwa kuwa habari ilikuwa imeenea. Baba mkubwa akafungua kufuli, akatoa vifuniko 12 kimoja kimoja, akatumbukiza kijiti katika kila chumba, akakitazama kwenye jua. Maji yalikuwa yamepungua unene wa ukucha tu. Akavirudisha vifuniko vyote bila kusema neno. Kisha akamwita utingo pembeni ya lori, akamhesabia mshahara aliokuwa amemkata, noti kwa noti, akasema, "Chukua, mwanangu. Ni zako." Habari ya kuondoka mwisho wa Agosti haikutajwa tena. Yule kijana yuko kazini hata sasa, na fundi wa Rumonge amemwambia aje kwake siku ambazo lori halina safari.

Lakini nisiwadanganye, ndugu zangu, kwamba kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa. Kidhibiti kilibadilishwa kwa saa moja, na jina je? Wako vijana kijiweni wangali wakimwita Kunywa-Betri, wengine kwa mzaha tu, wengine kwa kuwa hawakuwapo siku kufuli lilipofunguliwa. Jina baya halina skrubu mbili za kufungua. Ndiyo sababu nimeiandika habari hii.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mithali ya kweli mkononi. Kilichokuwa kikimla kilikuwa nguoni mwake kweli, ila kilikuwa kimefungwa mgongoni mwa alteneta, naye alikitafuta katika mfuko wa mnyonge. Katika lori kulikuwa na watu watatu na vyombo mia, na chombo hakiwezi kushtakiwa kwa urahisi kama mtu. Mtu ana uso wa kutazamwa, ana mshahara wa kukatwa, na akijibu kwa maneno machache husemwa ana siri.

Basi wenzangu mnaotaka kuwa wahandisi, na ninyi wakubwa zetu mliokwisha kutoka shuleni ambao baadhi yenu mna malori yenu, nawaombeni mshike mambo haya machache. Betri zikifa mara mbili katika mwaka mmoja, msinunue za tatu kabla ya kupima alteneta. Mkipima, msipime injini ikiwa inapumua tu. Ikanyageni mpaka mara 1,500, kisha washeni taa zote mpime tena. Katika lori la volti 24, namba ikikaa kati ya 27.5 na 28.5, shukuruni. Ikipita 29, kidhibiti au nyaya zake zatafuta fundi. Ikibaki 25, alteneta hailishi kitu. Maji yakiisha upesi katika betri zote mbili pamoja, dawa si chupa nyingine ya maji, na wala si mwizi wa kutafutwa.

Na la mwisho ni hili. Fundi alikuwa na mita bila hesabu, mimi nilikuwa na hesabu bila mita, na baba mkubwa alikuwa na kufuli. Utingo alikuwa na ukweli, naye aliusema tangu mwezi wa Juni kwa maneno manne: "Mzee, maji naweka. Yanaisha." Tungalimwuliza swali moja tu zaidi, yaani "Yanaishaje?", tungalilifikisha lori Rumonge mwezi mzima kabla ya hapo.